Siku ya Nne Haimo Kwenye Jalada

"Na huyo mwanamke," jaji akauliza, "kuna mtu aliyewahi kumuuliza?"

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na najua wapo walionisonya. Haya, rudini ndani, mlango wa mahakama bado uko wazi.

Kwa wale waliodandia hadithi njiani, mambo ni haya. Ruphin, kijana mlinzi kutoka Bukavu, anatumikia miaka kumi na mitano kwa kuwafungulia majambazi geti la ghala la vitambaa huko Jeppestown. Shahidi ni mmoja tu, mlinzi mwenzake aitwaye Firmin, aliyeapa kwamba saa mbili na robo usiku alimwona Ruphin kwa macho yake akifungua geti. Dada mtu, Murielle, mshonaji na katibu wa kanisa lao dogo la Bellevue, amekata rufaa kwa niaba ya mdogo wake hadi Mahakama Kuu ya Johannesburg. Na siku ya nne ya kesi, siku aliyojitetea Ruphin mwenyewe, haimo kwenye jalada. Mtambo wa kurekodi wa mahakama ya chini ulinasa siku tatu, ukalala siku ya nne, ukaamka siku ya tano kumsikiliza hakimu akisoma hukumu.

Basi jaji mama, mkubwa wa wale majaji wawili, alikuwa ameshika hati ya kiapo ya mkalimani Bakiri, mtu wa Tanga. Aliisoma tena, polepole.

"Mkalimani anasema hayakumbuki maneno, amewakalimania watu wengi mno. Anachokumbuka ni mwanamke aliyekaa benchi la pili kila siku ya kesi, akiandika kwenye karatasi ya kaki aliyoikunja gotini. Nauliza tena. Mwanamke huyo ameulizwa?"

Murielle alikuwa benchi la pili siku hiyo pia, mkoba magotini, na ndani ya mkoba mna daftari la bluu. Nyuma yake walikaa akina mama kumi na wawili wa kwaya, magauni ya zambarau, kola nyeupe, mikono mipana. Walikuja kushuhudia kwamba Ruphin ni mtoto mwenye adabu. Tangu saa tatu asubuhi walikuwa wakinong'onezana nani aanze kusema.

Murielle akanyanyuka. Mtu akamdaka kifundo cha mkono. Ulikuwa mkono wa Papa Octave, shemasi mkuu wa kanisa lao, mwenye nyumba anayoishi.

"Mama Sekretere, kaa," alinong'ona. "Ile haituangalie, si mambo yetu."

Murielle akauvuta mkono wake. "Ni mimi," alisema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Ile mwanamke ni mimi."

Jaji mama alimtazama juu ya meza, wala hakuwa na hasira.

"Mama, tafadhali keti. Kwenye rufaa hatusikilizi watu. Tunasikiliza karatasi." Akamgeukia wakili wa Ruphin. "Wakili Sumaiya, karatasi hiyo ipo au haipo?"

Miezi sita Sumaiya alikuwa akitafuta mtu aliyeandika siku ya nne, na mtu huyo alikuwa akimletea maandazi ofisini. "Mheshimiwa, naomba muda."

Jaji wa pili, mwenye miwani, akafungua kalenda yake. "Mimi na mwenzangu tumepangwa pamoja wiki hii tu. Leo ni Jumanne. Tutawapa hadi Ijumaa, saa nne asubuhi. Baada ya hapo tutaamua kwa kilichomo jaladani."

Wakasimama, wakatoka. Kikao kizima dakika kumi na tisa, basi. Mama Jeanne, mzee wa kwaya, alibaki ameduwaa na miwani yake mkononi.

"Imeisha? Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno."

*

Nje, ngazini, upepo wa Agosti ulikuwa unarusha vumbi na karatasi. Murielle alipolitoa daftari mkobani, Sumaiya alimshika begani. Huyu Sumaiya ni binti wa mfanyabiashara wa Unguja, aliletwa mji huu akiwa anatambaa. Kiswahili anakisikia chote. Kukisema ndiko kunakomtoa jasho.

"Eish, mama. Miezi sita nauliza kila mtu nani aliandika. Na wewe una kitabu kwenye bag?"

"Uliuliza batu ya sheria," Murielle alijibu. "Mimi niko sekretere ya kanisa tu."

Sumaiya akalifungua daftari pale pale. Mwandiko ulikuwa safi kama wa mwalimu. Kikao cha Nne. Waliohudhuria. Maswali na majibu, mstari kwa mstari. Mwisho wa muhtasari palikuwa na sahihi kumi na mbili na muhuri wa kanisa, na maneno haya: *Imesomwa, imesahihishwa, imepitishwa.*

"Imepitishwa na nani?"

"Na kamati."

Ndiyo, msomaji, umesikia vizuri. Kanisani kwao kila kikao huandikiwa muhtasari, na kila muhtasari husomwa mbele ya kamati Jumapili baada ya ibada, na mwenye sahihisho hunyoosha mkono. Murielle hajui kuandika kwa namna nyingine. Kwa hiyo kila Jumapili ya kesi ile aliwasomea wazee yaliyosemwa mahakamani, na wazee ambao hawakukanyaga mahakamani wakasahihisha. Wahenga walisema penye wengi haliharibiki neno. Wahenga hawakuwahi kukaa na kamati hii.

Sumaiya alicheka. Kisha akarudi ukurasa wa pili na kicheko kikamkauka. Katikati ya ukurasa mistari mitatu ilikuwa imepakwa wino mweusi wa kalamu nene, imezibwa kabisa.

"Hapa kuliandikwa nini?"

"Masahihisho," alijibu Papa Octave, kabla Murielle hajafungua mdomo.

Sumaiya hakumtazama. "Mama, sikiliza. Hawa majaji hawamjui Ruphin na hawatamwona. Wanalijua jalada tu. Hakimu wa chini ameandika, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kwamba Ruphin hakuwahi kuiambia mahakama saa mbili na robo alikuwa wapi. Wakili wa serikali ameegemea hapo hapo. Kama kweli hakusema, tumekwisha. Kama alisema, basi hakimu alikosea, na hukumu inaanguka. Yote iko siku ya nne."

"Na ile siku ikipotea kabisa?" Papa Octave aliuliza haraka.

"Hukumu inaweza kuanguka pia. Lakini serikali inaweza kumshtaki upya, kuanzia mwanzo, na yeye ndani. Halafu sasa majaji wamejua kuna maandishi. Mimi nikificha, nafutwa uwakili."

"Na majaji wenyewe wakipishana?" aliuliza Mama Jeanne, ambaye alikuwa amekuja kusikiliza.

"Anaongezwa wa tatu."

"Kumbe hata kule iko kamati," Mama Jeanne akasema, na roho yake ikatulia kidogo.

"Hatuwezi kuleta shahidi mpya?" Murielle akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwenye rufaa? Mlango upo, lakini ni tundu la sindano. Lazima uwe na sababu kubwa sana. Kwanza niambie, mama, chini ya huu wino kuna nini?"

Papa Octave alikohoa. Murielle akatazama viatu vyake.

"Masahihisho," alisema.

Alijichukia kabla neno halijamaliza kumtoka.

*

Nitawaambia mimi kilichokuwa chini ya wino, maana Murielle anakijua kwa moyo kama sala.

Siku ya nne mwendesha mashtaka alimuuliza Ruphin alikuwa wapi saa hiyo. Ruphin akasema: nilikuwa Bellevue, jikoni kwa Papa Octave, pamoja na binti yake, Victoire. Nililiacha geti langu nikaenda kumwona. Niliposikia mlango wa mbele unafunguliwa, niliruka dirishani.

Basi. Mlinzi aliacha kazi akamfuata msichana. Ni aibu, lakini si ujambazi.

Wiki ile ile Victoire alipandishwa ndege kwenda kwa shangazi yake Lubumbashi. Wakili wa zamani wa Ruphin aliomba aletwe, hakuletwa, na wakili mwenyewe sasa ni marehemu. Jumapili kamati ilipiga kura mistari ile ifutwe kwa heshima ya nyumba ya shemasi. Papa Octave ndiye aliyenyoosha mkono kwanza, tena kabla Murielle hajamaliza kusoma. Murielle akawekewa Biblia, akaapa kwamba jina la msichana halitatoka kinywani mwake. Aliapa kwa sababu aliamini kaseti ya mahakama ipo. Kaseti ikiwepo, daftari la nini?

Na kaseti haikuwepo. Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameuficha kwa wino wa kudumu.

Jioni ile ya Jumanne hakukalika. Nyumba yao ya Bellevue ni ya zamani, imegawanywa kwa mbao kuwa vyumba saba, na chumba cha Murielle kilikuwa sebule ya watu zamani. Alikaa kwenye cherehani, uzi ukakatika. Akautia, ukakatika tena. Akatoka, akatembea hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, ya kijani ikawaka mara mbili asivuke, akarudi. Alipofika mlangoni Papa Octave alikuwa akimngoja na kofia mkononi.

Mtu huyu si mbaya, na sitaki mumchukie haraka. Alimpokea Murielle na Ruphin walipofika mji huu na begi moja. Alimtafutia Ruphin ile kazi ya ulinzi. Sasa alisimama kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

"Victoire njo mtoto moja tu Mungu alinipatia," alisema. "Harusi yake ni wiki tatu. Kule Lubumbashi batu banajua ni mtoto wa kanisa. Jina yake ikitoka mahakamani, gazeti itaandika, na simu itafika kule mbele ya gazeti."

"Papa, Ruphin naye ni mutoto ya mama yangu."

"Sikukatalie utoe cahier, ile daftari yako. Toa. Toa vile iko. Imepitishwa, iko na muhuri. Uape tu kwamba njo muhtasari. Uongo iko wapi?"

Murielle aliitazama kofia ile ikizunguka vidoleni. "Ile usiku Ruphin alisikia mulango inafunguliwa. Nani alifungua?"

"Najua wapi? Mimi nilikuwa kwenye maombi."

Akavaa kofia akaondoka. Alikuwa ameivaa kinyume, na hakugundua mpaka mwisho wa korido.

*

Jumatano mchana simu iliita. Namba ya gereza.

"Yaya," ndivyo amwitavyo dada yake.

"Ruphin. Unakula?"

"Niko nakula. Yaya, wakili alisema kuna cahier." Nyuma yake watu walikuwa wakigombea zamu ya simu. "Nikuulize kitu. Humu ndani siku zingine nafikiri labda sikusema. Labda niliota. Ile siku nilisema jina ya Victoire mbele ya batu bote, si ndiyo?"

"Ulisema."

"Na uliandika?"

"Niliandika, mudogo yangu. Yote."

Simu ikakatika. Murielle alibaki nayo sikioni. Hakumwambia habari za wino, na kule kutomwambia kulimuuma kuliko miaka miwili yote ya kupeleka sabuni na sukari gerezani. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kitambaa cha mteja, akalazimika kukifua.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa Randburg, ofisini kwa Sumaiya, ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani. Hati ya kiapo ilikuwa tayari mezani. Mwanamume aliyekuja kuwashuhudia watu wakiapa alikuwa amekaa, peni mkononi, macho kwenye saa yake.

Sumaiya akasoma: "Daftari hili ni kumbukumbu ya kweli na kamili ya niliyoyasikia siku ya nne. Nyanyua mkono wa kulia, mama."

Murielle aliunyanyua. Mkono ukafika begani, ukagoma.

"Ngoja," alisema. "Niliapa juu ya Biblia nisiseme. Sasa unataka niape tena. Mungu atashika kiapo gani?"

Sumaiya akaweka karatasi chini. "Mimi ni Mwislamu, mama, na ni wakili. Kote kuwili naambiwa usiweke mkono juu ya uongo. Zaidi ya hapo sijui."

Murielle akasema. Alisema yote, kuanzia jikoni kwa Papa Octave hadi kura ya kamati, na jina la Victoire alilitamka mara tatu ili asije akalirudisha. Yule bwana wa kiapo alisahau saa yake.

Alipomaliza, Sumaiya hakufurahi kama Murielle alivyotegemea.

"Nakuamini. Lakini serikali itasema nini? Wino ni mweusi. Wewe ni dada yake. Kitabu kimepita mikono ya watu kumi na wawili na kila mmoja amesahihisha. Kwa majaji hii si karatasi, ni maneno yako, na wewe huruhusiwi kusema." Akavuta hati ya Bakiri, akaisoma tena kwa kidole. Kidole kikasimama. "Mama. Bakiri anasema karatasi ya kaki. Hii ni daftari la bluu."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?"

"Sekretere haandikake ndani ya cahier pale pale kwenye kikao," Murielle alieleza, kama anamfundisha mtoto. "Unaandika kwanza brouillon, ya haraka. Nyumbani njo unaandika ile safi. Mimi ni mushonaji, kwetu karatasi ya kaki haikosekane. Nilikunja moja kubwa, nikaandika juu ya magoti."

Sumaiya alisimama taratibu. "Kwa hiyo kabla ya kitabu, kabla ya kamati, kabla ya wino, kuna karatasi uliyoiandika ndani ya mahakama yenyewe, na mkalimani wa serikali amekuona ukiiandika. Bakiri akiitafsiri kwa kiapo, hiyo majaji wataisikiliza. Iko wapi?"

Murielle alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mshonaji karatasi ya kaki haitupwi. Ikishaandikwa, hugeuzwa kuwa kipimo cha kukatia nguo.

"Ni magauni ya kwaya," alisema. "Nilikata juu yake magauni ya kwaya."

Kumbe Jumanne, mbele ya majaji wawili, umbo la ushahidi wa Ruphin lilikuwa limekuja mahakamani limevaliwa na akina mama kumi na wawili.

*

Karakana ya ushonaji ya Jeppestown iko nyuma ya gereji, na ndani mna cherehani nne na pasi moja. Mshirika wa Murielle, Clémentine, alishangaa kumwona akiingia mbio saa saba mchana na kuanza kushusha mafurushi ya vipimo kutoka kwenye misumari ukutani.

"Unatafuta nini?"

"Kwaya. Ile ya zambarau."

Wakavitandaza mezani, wakavipindua. Upande wa nyuma, mwandiko wa haraka, nusu Kifaransa nusu Kiswahili, ulikuwa umekatwa na mkasi hapa na pale. Kifua: maswali ya asubuhi. Kola: jina la hakimu na tarehe, zima kabisa, na Murielle akaibusu. Mkono wa kulia: Firmin na geti. Mgongo: maswali ya mchana. Alishuka na kidole mpaka chini.

*Mwendesha mashtaka: Saa mbili na robo ulikuwa wapi? Mshtakiwa: Nilikuwa*

Hapo mkasi ulipita. Maneno yaliyofuata yalikuwa kwenye kipande cha jirani, na kipande cha jirani kilikuwa mkono wa kushoto.

"Clémentine, mukono ya kushoto iko wapi?"

Clémentine alipangusa pua. "Mke ya Papa Octave alikuja kuichukua wiki ilipita. Victoire anataka robe yake ya harusi ikuwe na mikono kama ya kwaya. Wanatuma Lubumbashi."

Murielle alikaa juu ya furushi la vitambaa. Alihesabu saa hadi kesho saa nne, akakosea, akahesabu tena. Karatasi ilikuwa nyumbani kwa mtu mmoja katika mji huu mzima mwenye sababu ya kuichoma, na Jumanne mtu huyo alisikia kwa masikio yake jaji akisema karatasi ya kaki.

"Iko hapa," sauti ilisema.

Papa Octave alikuwa amesimama mlangoni. Kofia hakuwa nayo. Mkononi alishika kipande cha kaki, kipana juu, chembamba chini.

Clémentine akachukua birika akatoka bila kuambiwa.

"Nilikuwa na kiberiti," alisema Papa Octave. "Toka Jumanne niko nayo mufukoni. Jana nikasema, acha nisome kwanza. Weye ulituandikia kwamba alisema Victoire, na dirisha. Hii ingine haukusoma."

"Ulinyoosha mukono mbele sijamaliza, Papa. Kisha ukasema ifutwe yote."

Alikileta kipande karibu na uso na kusoma kwa shida. "*Swali: Huyo mwenye nyumba ni nani kwako, na kwa nini asiletwe aulizwe? Jibu: Ni baba yangu katika imani. Alinipokea. Naomba asiulizwe, asipate haya.*" Akakishusha. "Alikuwa anaenda kufungwa, na aliomba mimi nisipate haya."

Murielle hakumwonea huruma. Alifikiria miaka miwili ya sabuni na sukari. "Na haya haukupata. Ulikula vizuri, ulihubiri vizuri."

"Ndiyo." Alikilaza kipande mezani kando ya mgongo, akakisogeza kwa vidole viwili mpaka ukingo ukakutana na ukingo. *Nilikuwa* ikakutana na *Bellevue, jikoni kwa Papa Octave*. "Ile siku hakukuwa maombi. Mulango nilifungua mimi. Niliona mugongo yake ikitoka dirishani, na koti ya kazi. Nilitazama saa ya ukuta, maana nilitaka kujua mtu gani anaingia kwangu saa ile. Ilikuwa mbili na robo. Nataka kusema. Kesho nitasimama mbele ya wale majaji niseme."

"Hawasikilizake batu. Ulisikia Jumanne."

"Basi nimechelewa."

Murielle alimtazama mzee huyu aliyempa chumba na kumnyima ndugu. Kisha akaenda kwenye bunda lililosimama pembeni, akavuta karatasi mpya ya kaki, akaikata, akaitandaza juu ya meza na kuikandamiza kwa pasi baridi. Akachukua kalamu.

"Wakili alisema ni tundu ya sindano. Kupitisha uzi mule njo kazi yangu ya kila siku. Sema, Papa, polepole. Nitaandika vile unasema, utatia sahihi, na bwana wa kiapo wa Randburg atakuapisha mbele jua halijaingia. Mara hii hakuna kamati."

Papa Octave alivuta kiti. Alianza na jina lake, umri wake, nyumba yake. Kalamu ilikwenda. Alisema habari za gari, za ufunguo, za taa ya korido. Kalamu ilikwenda. Kisha akanyoosha kidole karatasini.

"Hapo uandike vizuri. Nilipofungua mulango sikuwa peke yangu. Mtu alikuwa nyuma yangu, nilikuja naye ndani ya gari yangu. Naye alimwona Ruphin, kama mimi."

"Nani?"

"Firmin."

Kalamu ya Murielle ilikwama kwenye karatasi. Firmin, aliyenyanyua mkono wa kulia mbele ya hakimu akaapa kwamba saa mbili na robo alikuwa Jeppestown, hatua kumi kutoka getini. Alijilazimisha kuliandika jina lote, herufi kwa herufi, na saa kando yake. Ndipo akainua uso.

"Papa Octave. Ulimutoa Firmin wapi ile usiku, na nyumbani kwako alikuja kufanya nini?"

Papa Octave alinyanyuka, akaenda hadi mlangoni, akachungulia upande wa gereji, akaufunga mlango kwa komeo kwanza.